Saa Zenye Wenyewe

Tangu habari ienee mtaani kwamba nimeanza masomo ya udaktari katika elimu ya kimataifa na kazi ya ualimu sijaiacha, naulizwa swali moja: muda nitaupata wapi. Anauliza muuza vitenge wa Mtaa wa Narung'ombe, anauliza shemeji yangu, wanauliza walimu wenzangu kwenye chai ya saa nne. Wanauliza kwa mapenzi na ninawashukuru. Ila muda hauokotwi. Saa za siku zimekwisha kugawiwa zote, kila moja ina mwenyewe, na nikitaka kusoma sina budi kuichukua kwa mtu ninayemjua kwa jina. Swali ninaloingia nalo kwenye swala na kutoka nalo ni hili: saa ninayosomea ni ya nani, na mwenyewe ameridhia?

Kwetu Waislamu hili linavuka adabu, linaingia kwenye hesabu ya Akhera. Madrasa walitufundisha tungali wadogo kwamba haki ni za aina mbili. Iko haki ya Mwenyezi Mungu juu ya mja, na mja akitubu toba ya kweli Mola wake humsamehe. Na iko haki ya mja juu ya mja mwenzake, ambayo toba peke yake haiifuti: umrudishie mwenyewe kilicho chake, au umwendee akusamehe kwa kinywa chake. Basi nikiingia Kidato cha Tatu sikujiandaa kwa kuwa usiku nilikuwa nasoma makala za nadharia, nimekula haki ya watoto zaidi ya sitini waliobanana watatu watatu kwenye madawati. Hata nikikesha na tahajudi mwezi mzima, wale watoto bado wananidai.

Ndiyo maana siwezi kujituliza kwa kauli tamu kwamba kutafuta elimu ni ibada. Ni ibada, naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini ibada nayo ina mahali inaposimama. Wanazuoni waliijadili swala ya mtu aliyeswali juu ya ardhi aliyompora mwenziwe. Wapo, hasa katika madhehebu ya Hanbali, waliosema haisihi kabisa. Sisi wa Shafii tunasema inasihi, faradhi imemtoka, ila dhambi ya uporaji iko palepale shingoni mwake. Naona hukumu hiyo inaingia sawasawa kwenye jambo langu. Shahada iliyosomewa kwenye saa za kupora inaweza kusihi. Itapigwa mhuri, jina litasomwa kwenye mahafali, na mwenye nayo akabaki na deni ambalo chuo hakiwezi kumfutia.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya serikali, si mbali na Kariakoo. Mume wangu yuko bandarini, kazi ya zamu. Tunaishi na Mama kwenye nyumba aliyoacha baba, mojawapo ya zile nyumba za ua na baraza ambazo bado hazijageuzwa ghorofa. Vyumba viwili vya mbele tumewapangisha wafanyabiashara kama stoo, na kodi hiyo ndiyo inayosaidia ada. Chuo kiko Uingereza, nasoma kwa masafa. Kazini niliandika barua ya kuomba ruhusa, ikapitia kwa mkuu wa shule, na nikaruhusiwa kusoma bila kupunguziwa kipindi hata kimoja. Ni haki yao. Mshahara wa mwezi wanaulipa wote, na mimi niwape kazi ya mwezi mzima: azimio la kazi, maandalio ya somo, zamu, madaftari.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa niache kazi nisome kwa utulivu. Waliosema hivyo wana mtu mkubwa wa kumtolea mfano. Mwaka 1095 Imamu Ghazali aliacha kiti cha ualimu katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, kiti ambacho hakikuwa na mfano katika zama zake, kwa sababu alijichunguza akaona nia yake ya kufundisha imeingiwa na kutaka jina. Akaondoka, akenda Sham, akaishi miaka ya upweke, na huko ndiko kilikotoka kitabu chake cha Ihya kinachosomeshwa mpaka leo kwenye misikiti yetu. Kisa hiki kinanitetemesha. Swali lake la nia linanihusu moja kwa moja, maana katika mji huu neno "Daktari" mbele ya jina linafungua milango na kubadili sauti za watu kwenye simu, na ningekuwa mwongo kusema halinivutii. Mwalimu wetu wa darsa la wanawake aliniambia nia haiwekwi mara moja kama msingi wa nyumba ukaondoka. Inataka kuwekwa upya kila ukikaa kusoma. Nafanya hivyo, kwa maneno, kabla sijawasha kompyuta.

Lakini nikikisoma kisa cha Ghazali kwa macho ya mtu mwenye familia, naona jambo ambalo wanaonitolea mfano wake hawalitaji. Kabla ya kuondoka aliwawekea watoto wake riziki ya kuwatosha. Na kile kiti cha Nidhamiya hakikubaki kitupu: alikikalia ndugu yake, Ahmad. Safari ile kubwa ya roho ilikuwa na mtu nyuma yake anayefundisha vipindi.

Pwani yetu imeijua njia nyingine kwa karne nyingi. Elimu ya juu hapa ilisomwa na watu wa kazi. Fundi cherehani anafunga mashine, muuza samaki ananawa mikono, wanaswali Magharibi, wanakaa duara mbele ya sheikh na kitabu kimoja cha fiqhi au nahau, wanasoma mpaka adhana ya Isha. Kitabu kinaweza kuchukua miaka. Hakuna aliyemdharau msomaji wa namna hiyo kwa kuwa mchana alikuwa dukani. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa shule za serikali Zanzibar kwa miaka mingi, na katika maisha hayohayo ya kazi alifanya tafsiri yake ya Kurani, ikatoka vipande vipande kabla ya kukamilika 1969. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye kila aina ya shida. Sijui mtu awezaye kusema kazi hizo ni za mkono wa pili kwa kuwa waliozifanya walikuwa na kazi nyingine.

Mpaka leo ukipita Msikiti wa Mtoro au wa Manyema baada ya Magharibi utawakuta waliokaa na vitabu, na nje yao Kariakoo inakunja maturubai, maguta yanarudi na mizigo isiyouzwa, wapiga debe wanaita Mbagala na Gongo la Mboto. Na hapa mambo yamekutana kwa namna iliyonigusa. Semina yangu ya kila wiki huanza saa kumi alasiri kwa saa za Uingereza. Majira yao ya baridi, hiyo kwetu ni saa moja usiku: Magharibi imeswaliwa, Isha haijaadhiniwa. Nakaa chumba cha uani, feni inazunguka, naingia semina katika saa ileile ambayo babu yangu alikaa darsani. Inanipa nguvu. Lakini saa hiyo nayo ina mwenyewe, na mwenyewe ni Mama.

Kati ya Magharibi na Isha ndipo ninapomkanda miguu, nampa dawa ya presha, namsomea gazeti kwa kuwa macho yake yamechoka. Ndipo tunapozungumza. Kabla ya kutuma maombi chuoni nilikaa chini, kando ya kitanda chake.

"Shikamoo, Mama. Nina ombi."

"Marahaba. Ni ombi, au ni taarifa?"

Nikamjibu ni ombi, na akikataa sitaanza. Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Unajua nilipokuwa naenda kisomo, nani alikuwa anakaa kwenye nazi zangu?"

Sikujua. Najua Mama aliuza nazi soko la Kariakoo, lile la Beda Amuli lililofunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021. Najua hakupelekwa shule utotoni, na kwamba alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, mwenye biashara yake. Cheti chake cha mtihani wa kisomo wa 1977 kimo ndani ya nailoni, chini ya kanga za Idi. Sikuwahi kufikiri kwamba alasiri za kisomo zilikuwa saa za wateja, watu wakitoka kazini wananunua nazi ya kupikia usiku. Akanieleza. Alikuwapo mama wa Kiluguru, muuza ndizi, meza ya pembeni yake. Mama alimwambia neno moja tu ambalo sokoni hukataliwi, "niangalizie," akaondoka na daftari lake. Siku ya pili vilevile. Ikawa miezi. Yule mama aliuza ndizi zake na nazi za Mama, akatunza hesabu mbili kichwani, kwa kuwa yeye mwenyewe kuandika hakujua.

"Mtihani niliufanya mimi," Mama akasema. "Nazi aliuza yeye. Cheti kina jina langu peke yangu."

Kisha akanigawia saa zake. Jumatatu na Ijumaa nimwachie, jioni nyingine nisome, na akiniita niende, semina iwepo isiwepo. Nilikubali, tukapeana mikono kama watu wanaouziana kiwanja.

Maneno yake yalibadili utafiti wangu wote. Somo langu, elimu ya kimataifa, linapenda sana kuihesabu nchi yetu ya miaka ile. Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Unesco ilikuwa Mwanza tangu 1968 na mradi wa kuwafundisha wakulima kusoma kupitia kazi zao, ndio uliokuja kuitwa kisomo chenye manufaa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya redio. Mwaka 1976 dunia ilikuja Dar es Salaam yenyewe, kwenye mkutano mkubwa wa elimu ya watu wazima. Watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili 1967. Kufika mtihani wa taifa wa 1975 walikuwa asilimia 39. Takwimu hizi zinanukuliwa Geneva na Toronto, na zastahili. Nchi maskini ilifanya jambo kubwa.

Lakini katika kila jedwali nililolisoma, anayehesabiwa ni aliyeketi darasani. Walioandikishwa, waliohudhuria, waliofaulu hatua ya kwanza mpaka ya nne. Yule wa meza ya pembeni hayumo. Kwenye takwimu za nchi yeye ni mmoja wa ile asilimia iliyobaki, asiyejua kusoma, tatizo la kuondolewa. Nami nilikuja kusoma kwa sababu Mama alijua kusoma, na Mama alijua kusoma kwa sababu yake yeye. Hapo ndipo swali langu la dini na swali langu la utafiti yalipokuwa kitu kimoja. Tukitaka kujua elimu ya mtu mzima imegharimu nini, inabidi tumtafute aliyeilipia.

Siku moja nilikuwa nafundisha elimu ya wakati wa ukoloni nikawauliza wanafunzi Aggrey ni nani. Darasa zima likajibu: mtaa wa simu. Ni kweli, ukitaka simu, kava, chaja au fundi wa kubadilisha kioo, unakwenda Mtaa wa Aggrey. Nikawaeleza habari ya James Kwegyir Aggrey, na siku hizi namfikiria sana, kwa kuwa ndiye mtu wa mtaa wangu aliyetembea njia hii kabla yangu.

Alizaliwa Anomabu, katika nchi inayoitwa Ghana leo, 1875. Akaenda Marekani 1898, akasoma na kisha kufundisha Livingstone College, mji wa Salisbury, North Carolina. Mchungaji, mwalimu, baba wa watoto. Na likizo za kiangazi alikuwa akisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusoma akiwa bado kazini. Mwaka 1924 alikuja Afrika Mashariki na Tume ya Phelps-Stokes, Mwafrika pekee kati ya wajumbe, kukagua elimu ya makoloni. Alipita Dar es Salaam, na inasimuliwa kwamba wazee wa mji huu, Kleist Sykes mmoja wao, walichota kwake wazo la umoja lililozaa African Association 1929. Jengo la chama hicho lilisimama New Street, ambayo leo ni Lumumba. Na ni katika mtaa huohuo, ndani ya jengo la TANU, Oktoba 1961, ambapo chuo kikuu cha nchi hii kilianza na wanafunzi wachache wa sheria, kabla ya kuhamia Mlimani.

Basi Aggrey akaenda kusaidia kuanzisha chuo cha Achimota huko kwao, na kilipokwisha kufunguliwa akachukua likizo, Mei 1927, akamalizie tasnifu yake Columbia. Akafariki New York tarehe 30 Julai, mwaka huohuo. Umri miaka 51. Udaktari aliokuwa akiusomea huko hakuupata.

Watu wa fani yangu wanamsikitikia kwa tasnifu ile. Mimi kwa hilo simsikitikii. Yeye alikuwa mchungaji wa Kimethodisti na simsemei mbele ya Mola wake, lakini kwa itikadi yangu, anayetoka kutafuta elimu yuko katika njia ya Mungu mpaka arudi, na aliyefia njiani hakupungukiwa. Na aliyoyajua Aggrey kuhusu elimu ya Afrika aliyajua kwa miguu yake, darasani na safarini, kabla maprofesa hawajamsomea ukurasa mmoja. Kazi ndiyo iliyompa cha kuandika. Nami naiona hivyo yangu: nikiiacha shule nitapata utulivu, na nitakosa jambo la kusema.

Ninayemfikiria ni mkewe, Rose. Alikuwa mwalimu pia. Mume anazunguka na tume, mume yuko Achimota, mume yuko njiani kwenda kuandika. Rose kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo yuko Salisbury na watoto. Mtoto wao mdogo, Rudolph, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Marekani nchini Senegal na Romania, alikuwa na umri wa mwaka mmoja baba alipofariki. Ikiwa tasnifu ile ilichukua saa, saa hizo zilitoka kwenye nyumba ya Rose. Pengine aliridhia zote, kwa furaha. Wanaosimulia habari za Aggrey hupenda ile hekima yake ya vibonyezo vyeusi na vyeupe vya piano. Ningependa nao wangemuuliza Rose.

Kwa upande wangu nimejaribu kuwaendea wenyewe mmoja mmoja. Mume wangu tumepatana kwa ratiba ya zamu zake, na mapatano yana mwisho wa mwaka. Januari namwomba tena, anaweza kukataa. Ridhaa ya leo haimfungi mtu miaka sita. Karatasi na wino wa shule sivigusi kwa ajili ya masomo yangu. Kigumu kilikuwa wanafunzi, maana mtoto akiombwa na mwalimu wake atasema ndiyo kwa kila kitu. Sikuwaomba ruhusa, niliwapa ahadi inayoshikika: madaftari yakikusanywa Jumatatu, Jumatano yamerudi, na yasiporudi waje kuyadai. Kuna binti anayekaa dirishani, mkimya, aliyekuja Jumanne mchana kunikumbusha tu kwamba kesho ni Jumatano. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu amefumbata mikono nyuma. Jioni ile nilisahihisha la kwake kwanza, kisha mengine yote, na makala niliyotakiwa kuisoma nikaisoma alfajiri baada ya swala. Alfajiri ni saa pekee ambayo sijaona mwenye kuidai zaidi ya Mungu na mimi.

Andiko langu la utafiti sasa linasema hivi: kwa kila mtu mzima aliyejifunza kusoma, au aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, au anayekaa darsa huku akifanya biashara Kariakoo, nitamtafuta na mtu wa pili, aliyekuwa akimwangalizia. Nitamuuliza alitoa nini, aliombwa au aliachiwa tu, na anajiona ana sehemu katika cheti kile. Msimamizi wangu aliniuliza, kwa haki, watu hao nitawapataje, hawamo kwenye rejista yoyote. Nikamjibu kwamba waliosoma wanawajua. Wa kwanza tumeshampata, yule wa meza ya pembeni. Yuko Mbagala kwa mwanawe, umri umekwenda na masikio ni mazito, lakini kichwa kizima. Nimetayarisha maswali na fomu ya ridhaa ambayo nitamsomea kwa sauti, kwa kuwa kusoma hakujaaliwa kujifunza. Tutakwenda Jumamosi, na Mama amesema twende wote, kwa kuwa ana lake la kumwambia na hataki liwemo kwenye kinasa sauti changu.